Mfungo Mosi Haumo Ndani ya Maktaba

Vijana wetu mnaoanza kazi ya programu hapa Lamu, nawapenda, lakini nimechoka kuona makosa yale yale ya kuamini maktaba, yaani msimbo ulioandikwa na wengine tunaouingiza katika programu zetu, yakirithiwa na kila kundi jipya la wanagenzi.

1. Maktaba ya kukagua nambari za simu isiyosasishwa hukataa nambari za Kenya zinazoanza na 01, kwa hivyo msijaribu za 07 peke yake.

2. Machi 2016, left-pad, maktaba yenye mistari 11 tu, iliondolewa na mwandishi wake kwenye npm, ghala la mtandaoni la maktaba za JavaScript, na miradi mingi duniani ikashindwa kujengeka. Fungeni matoleo, maktaba isibadilike bila ninyi kutaka, na muwe na nakala zenu.

3. Hili la Idi ndilo linaloniuma. Mwenye nyumba ya wageni huomba vyumba vizuiliwe katika mfumo kwa wageni wa siku za Idi, naye mwanagenzi husakinisha maktaba ya kalenda ya Kiislamu, akaiuliza tarehe ya Mfungo Mosi, yaani Shawwal, mwezi unaoanza kwa Idi, kazi ikaisha. Maktaba haina hitilafu: imefuata kalenda ya Ummul-Qura ya Saudi Arabia, ambayo hupangwa mapema kwa hesabu, ilhali sisi tunangoja mwezi uonekane. Usipoandama magharibi ya tarehe 29 Ramadhani, tunatimiza 30, na Idi inasogea siku moja ambayo mfumo hauijui. Usiku wa mwisho chumba kimeshauzwa kwa mtu mwingine, na familia iliyotoka Mombasa imeketi barazani na mizigo na watoto waliovaa nguo mpya. Mwanagenzi anaapa kwamba majaribio yote yalipita. Kweli yalipita, kwani tarehe aliyoitarajia katika majaribio aliipata kwa maktaba ile ile! Wekeni jedwali la tarehe ambalo mwenye nyumba atalisahihisha mwenyewe usiku ule ule mwezi unapotangazwa, na usiku mmoja zaidi ubaki umezuiliwa hadi hapo. Hesabu ya maktaba iwe makadirio tu.

4. Mlango wa siri wa wadukuzi uliofichwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, uligunduliwa Machi 2024 kwa sababu mhandisi wa programu Andres Freund alishangaa kuona SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, ikichelewa takriban nusu sekunde, akafuatilia. Nanyi programu ikianza kuchelewa baada ya kusasisha maktaba, msione haya kwamba ni wageni kazini. Nijulisheni siku hiyo hiyo, tuufungue msimbo wake tuusome pamoja.