Kabla ya kuchota maji ya wangwa, anzieni visimani

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kupima maji kwenye pwani ya Dar es Salaam, wengi wenu mnafika mkiamini kwamba maji ya wangwa, lile eneo la tope la pwani linalofunikwa bahari inapojaa, yanatoka pande mbili tu: bahari inapojaa na mto unapofurika masika. Kuna upande wa tatu msiouona. Maji ya chini ya ardhi hupenya kwenye mchanga na nyufa za mawe ya matumbawe, yakatokea ukingoni mwa wangwa au chini kabisa kwenye tope lake.

Msitegemee chumvi peke yake kuyatambua. Pigeni hesabu ndogo. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita, na naitreti yake, kirutubisho chenye naitrojeni, huku kwetu kwa kawaida haifiki hata sehemu ya kumi ya miligramu. Tuseme maji ya ardhini ya jirani yana miligramu 50 za naitreti kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa, na asilimia 2 tu ya maji ya wangwa imetoka huko. Chumvi itashuka hadi gramu 34.3, na mtu atasema ni mvua ya jana. Naitreti itapanda hadi miligramu 1, zaidi ya mara kumi ya ile ya bahari. Na naitreti hiyo ndiyo mwani unayoitaka.

Kwenye jiji la vyoo vya shimo na makaro, naitreti haitoki mbali. Husafiri na maji bila kushikwa, wakati fosfeti, kirutubisho chenye fosforasi, hunata kwenye madini ya chuma mchangani na kubaki nyuma. Basi pimeni zote mbili. Ongezeni silika, madini yanayounda mchanga: maji ya mvua karibu hayana, ya ardhini huitoa kwenye mawe na mchanga, kwa hiyo ndiyo itakayowaambia kama chumvi imepunguzwa na mvua au na ardhi. Mkipata kifaa cha kupima radoni, gesi ambayo maji ya ardhini huibeba kutoka kwenye mawe, bora zaidi, ila gesi hiyo hupungua nusu kila siku 3.8, msiiweke kiporo.

Saa ya kwenda ina uzito kuliko kifaa. Nendeni siku za bamvua, bahari inapopanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mfike maji yakiwa yamekupwa kabisa. Hapo bahari iko chini na maji ya ardhini yanapata njia ya kutoka. Ukichota yakiwa yamejaa, umepima bahari.

Kunduchi au Mjimwema, fuateni ukingo wa mikoko mkitafuta mchanga unaong'aa kwa unyevu wakati wa jirani yake umeshakauka. Mara nyingi utaona utando wa rangi ya kutu: ni chuma kilichokuja kimeyeyuka kwenye maji yasiyo na oksijeni, kikaganda kilipokutana na hewa. Chimba kwa mkono hadi kiwiko kizame, maji ya kwanza yatupe, subiri yajae tena, ndipo utumbukize kipimo. pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, isomwe palepale. Maji hayo yamebeba kaboni dioksaidi nyingi ya udongoni. Ikishatoroka, pH hupanda, na foleni ya kurudi maabara inatosha kuharibu kila kitu. Ya naitreti yachujwe hapohapo, yawekwe kwenye barafu.

Lakini kabla ya yote hayo, pandeni juu, kwenye visima vya mtaani, maana bila namba zao hamjui maji yalianza na nini kabla ya kufika wangwani. Pigeni hodi, salimieni, elezeni kazi yenu. Ulizeni kina cha kisima, pampu huwashwa saa ngapi, na kama ladha imebadilika. Maji yakianza kuwa ya chumvi, huenda uvutaji umeshaikaribisha bahari ndani, na maji matamu yanayoshuka wangwani yamepungua. Majibu yakitoka maabara mpelekeeni mwenye kisima kwanza. Naitreti ikizidi 50 na nyumba ina mtoto mchanga, mpigieni simu siku hiyohiyo.