Mfupa wa ng'ombe kwenye daraja la gitaa
Mkuu, umeuliza kama mfupa wa ng'ombe wa hapa Dodoma unaweza kuchukua nafasi ya kile kiplastiki kinachobeba nyuzi kwenye daraja. Unafaa sana. Siku ya mnada wa Msalato omba mfupa wa muundi, upande ulio mnene. Toa uboho, loweka kwenye maji ya sabuni mpaka mafuta yaishe, kisha anika kivulini. Jua letu hili litaupasua.

Ukishakata kipande chenye umbo la kile kiplastiki, kazi yenyewe iko upande wake wa chini. Laza msasa juu ya kioo, sugua polepole, pima unyoofu kwa rula: mwanga ukipenya kati ya rula na mfupa, bado. Uingie kwenye mfereji wa daraja kwa kubana kidogo, bila nyundo. Ukipunguza milimita 1, nyuzi kwenye freti ya 12 (kijichuma cha 12 shingoni) zinashuka nusu milimita tu. Barakoa vaa, vumbi lake baya.