Jibu: Lifta haikujengwa upya

Ndugu, umeuliza kama nyumba za Lifta, kijiji cha Wapalestina kilichobaki kitupu, kwenye picha ulizoziona zilijengwa kwa ajili ya watalii. Hapana. Kuta hizo ni zile zile za wenyeji.

Kijiji kiko bondeni, unapoingia Yerusalemu kutokea magharibi. Mwaka 1945 kilikuwa na watu 2,550 hivi. Desemba 28, 1947 wanamgambo wa Kiyahudi walivamia mkahawa wa kijijini na kuua watu kadhaa. Familia zikaanza kuhama, na kufikia Februari 1948 kijiji kilikuwa kitupu. Angalia tarehe vizuri: dola ya Israeli ilikuwa haijatangazwa bado!

Vijiji vingi vya Wapalestina vilivyoachwa hivyo vilisawazishwa na ardhi. Lakini hapa Lifta serikali ya Israeli iliwaweka wahamiaji Wayahudi, wengi kutoka Yemen na Kurdistan. Walipohamishwa, paa zikatobolewa makusudi ili asirudi mtu kuishi. Ndiyo maana kwenye picha unaona dari zina matundu. Nyumba kama 55 za mawe zimebaki.

Mwaka 2012 mahakama ilizuia mpango wa kujenga majumba ya kifahari hapo, lakini 2021 mamlaka ya ardhi ikatangaza zabuni tena. Chemchemi ingali inatoa maji, na vijana wa Yerusalemu huenda kuogelea hapo.