Mumeo hajaisha, amelemewa

Mwanangu, unasema mumeo mwenye umri wa miaka 43 amekuwa baridi kitandani tangu alipoachishwa kazi, kwamba hukesha akipiga hesabu za madeni, hulala kwa muda wa saa 4 tu na hukasirishwa na jambo dogo, nawe umevumilia yote hayo bila kumwambia mtu. Unauliza kama ana mwanamke mwingine au nguvu zake zimekwisha, na kama uendelee kumtilia ule unga wa kuongeza nguvu za kiume katika kinywaji chake pasipo yeye kujua.

Pole, maana kulala kando ya mtu anayekupa mgongo kila usiku kunauma. Lakini kwamba hukumwambia mtu, hapo sikubaliani nawe. Katika barua hiyohiyo umeandika kwamba dada yako alimtania mumeo mezani kuhusu betri iliyokwisha, naye akaweka kijiko chini, akatoka na kurejea usiku wa manane. Dada yako alijuaje? Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Wewe umekuchukulia kule kutoka kwake kuwa ushahidi wa mwanamke wa nje. Mimi ninamwona mtu aliyeaibishwa mbele ya shemeji yake, kwa neno lililotoka chumbani mwake.

Elewa kinachotendeka mwilini mwake. Testosteroni, homoni kuu ya kiume inayochochea hamu, hutengenezwa zaidi katika korodani, lakini amri ya kuitengeneza hutoka kwenye ubongo na kupitia tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo. Mtu anapoishi na hofu siku baada ya siku, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya kotisoli, nayo ikidumu kwa wingi katika damu hudhoofisha amri hiyo ya ubongo na kuzibana hata korodani zenyewe, kwa kuwa mwili unaojiona uko hatarini huahirisha mambo ya uzazi. Mwaka 1972 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya vipimo vya vijana waliokuwa katika mafunzo ya uofisa jeshini, na testosteroni yao ilikuwa chini katika kipindi kigumu cha mwanzo, kisha ikapanda msongo ulipopungua. Usingizi nao una sehemu yake: utafiti uliofanyika Chicago na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba vijana wenye afya waliolala kwa muda wa saa 5 kila usiku, kwa takriban wiki moja, walipungukiwa testosteroni ya mchana kwa asilimia 10 hadi 15. Hao walikuwa vijana wasio na madeni ya kuwakosesha usingizi.

Hata hivyo, si lazima iwe homoni. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na hofu ya kushindwa tena huua hamu hata kwa mwanamume ambaye testosteroni yake imetimia. Umetaja, kama jambo la kupita tu, kwamba alfajiri mwili wake bado huamka, ukadai kwamba nguvu anazo ila anamtunzia mwingine. Umelisoma jambo hilo kinyume. Mwili unaoamka wenyewe usingizini, ukashindwa mbele ya mke, mara nyingi ni mwili wenye mishipa mizima na akili iliyolemewa.

Huo unga uache leo, kisha umwambie ulichofanya, ingawa atakasirika na atakuwa na haki ya kukasirika. Bidhaa za namna hiyo zimekutwa mara nyingi zimechanganywa kwa siri na sildenafili, dawa ya hospitali ya kusimamisha uume, ambayo ikikutana na dawa za moyo za jamii ya nitrati huweza kushusha shinikizo la damu kiasi cha kuua. Hata testosteroni halisi ikitumiwa kiholela huufanya ubongo usitishe amri yake, korodani zikasinyaa na mbegu zikapungua. Mtu mzima hanyweshwi dawa kwa kificho.

Mshauri aende kwa daktari, wala usimburute. Damu hupimwa asubuhi, wakati testosteroni iko juu, na matokeo yakiwa chini kipimo hurudiwa siku nyingine kabla ya uamuzi wowote. Apimwe pia sukari na shinikizo la damu, kwa sababu tatizo la nguvu za kiume huweza kutangulia ugonjwa wa mishipa na moyo, na aulizwe kuhusu sonona.

Nyumbani, keti naye mchana, muandike madeni yote katika karatasi moja, kwa sababu katika barua nzima hukutaja hata mara moja ni kiasi gani anadaiwa, na nina hakika hujui. Ndoa nyingi za siku hizi humhesabu mwanamume kwa kile anacholeta, na siku asipoleta huachwa apige hesabu peke yake gizani, kisha anadaiwa mapenzi pia. Kwa sasa usimdai. Mshike mkono bila kutarajia kitu, naye ajue hutarajii kitu.

Dada yako mwambie wewe mwenyewe akome, kabla hajaketi tena meza moja na shemeji yake. Na ukimsikia mumeo akisema kwamba afadhali asingekuwepo, usingoje miadi ya daktari. Nenda naye hospitali saa hiyohiyo.