Bunge lilivunjwa, lilivunjika au lilikatizwa?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia, Tanga. Ninawaandikia wanafunzi wangu maelezo mafupi ya Bunge la Uingereza la karne ya 17. Niliandika: "Tarehe 20 Aprili 1653 Bunge liliahirishwa na Oliver Cromwell." Mwenzangu niliyempa anisomee akakata neno langu akaandika "lilivunjika." Mimi najua kinachovunjika ni kikombe. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwalimu, mmekosea wote wawili, ila mwenzako amekosea karibu zaidi na ukweli. Na usione haya. Neno hilihili liliwahi kumfikisha mtu mbele ya Bunge lenyewe ajieleze, na mtu huyo alikuwa ndiye Katibu wake. Nitafika kwake.

Kwanza tulimalize la "kuahirisha," maana halina ubishi. Kitenzi hiki kina deni ndani yake. Ukiambiwa harusi imeahirishwa, unauliza mpaka lini. Huendi kulirudisha gauni kwa fundi. Msikilize Spika wetu Dodoma: mchana anasitisha shughuli mpaka jioni, jioni anaahirisha mpaka kesho saa tatu asubuhi, na wiki za Mkutano zikiisha Waziri Mkuu anatoa hotuba ya kuahirisha Mkutano wa Bunge. Kila mara kuna siku ya kurudi. Kulivunja ni jambo jingine, nalo ni la Rais. Sasa Cromwell, jenerali wa jeshi, siku ile aliingia na askari wenye bunduki, akawafukuza wabunge waliokuwa wakijadili muswada wa uchaguzi mpya, akaamuru siwa iondolewe kama mtu anayeondoa kichezeo. Hakutaja siku ya kurudi. Liliahirishwa mpaka lini, Mwalimu?

(Kwa kuwa nimeitaja siwa: waeleze wanafunzi kwamba hapa ni rungu la heshima linalowekwa mbele ya Spika. Wa Lamu na Pate wataliona neno hilo na kusikia baragumu.)

Tuje kwenye "kuvunjika." Hoja yako ya kikombe haisimami. Mikutano huvunjika, ndoa huvunjika, na hata mazungumzo ya amani. Tatizo la neno la mwenzako liko mwishoni, kwenye -ika. Kikombe kikivunjika hatumtaji aliyekivunja. Mtoto aliyekiangusha anaijua faida hiyo kuliko sisi wanasarufi. Tukisema mkutano ulivunjika tunaona watu wanazozana, viti vinasukumwa, kila mmoja anashika njia yake. Mkutano umejifia. Ukiandika "Bunge lilivunjika" mwaka 1653, umemfutia Cromwell nyayo zake sakafuni. Yeye alilivunja, kwa hiyo lilivunjwa.

Ningeishia hapo kama wabunge wenyewe wangekubali. Lakini hawakukubali, na walikuwa na sheria mkononi. Mei 1641 Mfalme Charles I alitia saini sheria iliyosema kwamba Bunge lile lisivunjwe, lisifungiwe mkutano wake wala lisiahirishwe ila kwa ridhaa yake lenyewe. Mfalme alikuwa amekaa miaka 11 bila kuitisha Bunge, kuanzia 1629 hadi 1640, na wabunge walitaka kumfunga mikono. Wakayataja matendo yote matatu, moja moja, wasiache mlango wazi. Hivyo mchana wa siku ile ya Aprili 1653, Cromwell alipokwenda kulikabili Baraza la Dola, chombo cha utendaji cha serikali, mwenyekiti wake John Bradshaw inasemekana alimwambia kwamba anajidanganya akidhani Bunge limevunjwa, kwa kuwa hakuna nguvu chini ya mbingu iwezayo kulivunja isipokuwa lenyewe. Yaani kwa Bradshaw kitenzi kile kilikuwa na mtendaji mmoja tu kisheria. Mwingine yeyote akikitenda, tendo halijatendeka.

Sasa tumfikie Katibu. Cromwell alifariki Septemba 1658, na Mei 1659 wabunge walewale waliofukuzwa wakarudishwa vitini. Wapinzani wao waliwaita Rump, neno la buchani, sehemu ya nyuma ya mnyama. Mimi ningeandika Bunge Masalia, maana lilikuwa limebaki baada ya jeshi kuwachuja wenzao Desemba 1648. Oktoba 1659 jeshi likawafungia tena mlango, Desemba wakarudi tena. Mapema Januari 1660 wakaifungua kumbukumbu yao ya vikao, wakakuta humo kwamba siku ile ya 1653 Mtukufu Jenerali alilivunja Bunge. Kitenzi kilekile cha Kiingereza kinachotumika mfalme anapolivunja Bunge kihalali! Wakaamua kwamba maneno hayo ni ya kughushi, wakamwita Henry Scobell, aliyekuwa Katibu mwaka ule wa 1653, aseme yameingiaje.

Habari za siku hiyo tunazo kwa Samuel Pepys, karani kijana wa miaka 26 aliyekuwa ameanza kuandika shajara yake tarehe mosi ya mwezi uleule. Kwa kadiri alivyosikia yeye, Scobell alijibu kwamba mwandiko ni wake na aliandika kwa wajibu wa ofisi yake, kama walivyofanya waliomtangulia, ili vizazi vijavyo vijue kila Bunge lilikwishaje: kwa amri ya mfalme, au kwa uzembe wa wenyewe kama lilivyokwisha Baraza la Malodi. Ama neno lenyewe, alisema wakati ule hakuwahi kusikia jingine. Akaomba radhi kwamba hakuthubutu kujitungia neno, wakati wao wenyewe imewachukua miaka sita kufikia kuliita jambo lile ukatizaji.

Nampenda sana mtu huyu. Ni jibu la mwandishi wa kamusi: ninaandika neno lililokuwa likisemwa, sitaki kuandika neno mlilokuja kulitaka baadaye. Wabunge hawakuridhika hata kidogo. Waliunda kamati ichunguze kama kosa la Scobell linaingia katika msamaha uliotolewa kisheria au haliingii.

Ona pia jinsi Kiswahili kingempunguzia maneno. Kumaliza kwa amri ya mfalme, kuvunjwa. Kumaliza kwa uzembe wa wenyewe, kuvunjika. Alichohitaji sentensi nzima kukitenganisha, sisi tunakitenganisha kwa mnyambuliko wa kitenzi. Na neno la wabunge, lile la miaka sita baadaye, ni "kukatizwa": hotuba hukatizwa, usingizi hukatizwa, halafu mtu huendelea pale alipoachia. Kwa hesabu yao walikuwa bado wamo kwenye kikao kilekile.

Kwa hiyo, Mwalimu, chagua unasimama wapi. Ukisimulia kama mwanahistoria, andika: "Tarehe 20 Aprili 1653 Cromwell alilivunja Bunge kwa nguvu za askari." Mtendaji ametangulia, na "kwa nguvu" linamwambia mwanafunzi kwamba sheria haikuwa upande wake. Ukisimulia kwa macho ya wabunge, andika "lilikatizwa," kisha ueleze kwa nini walilishikilia neno hilo. "Lilivunjika" mwachie mwenzako na kikombe chake. Na hutakosa mahali pa kutumia "lilijivunja": tarehe 16 Machi 1660, wabunge waliochujwa 1648 wakiwa wamesharudi, Bunge lile lilipitisha sheria ya kujivunja, kama ilivyotakiwa tangu 1641.

Jambo la mwisho, maana najua utaifungua kumbukumbu yenyewe na kudhani nimekudanganya. Kikao kile cha Januari 1660 utakikuta kimeandikwa 1659, na 16 Machi vilevile. Waingereza wa siku hizo walianza mwaka mpya tarehe 25 Machi. Katika maelezo yako andika 1660.