Mwanangu, kuhusu zile kaya 100

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara mbili. Unasema msimamizi wako amekurudishia pendekezo la utafiti wako wa wakulima wa mahindi, ulimopanga kuhoji kaya 100, na kuandika pembeni, "Kwa nini kaya 100?" Nawe unaniuliza mimi, mzee wa magunia, kama uzifikishe 300 ili yaishe.

Usiongeze kwanza.

Unalikumbuka lile bambo lililoning'inia nyuma ya mlango wa stoo? Nilinunua mahindi nalo hapa Songea miaka mingi kabla hujazaliwa. Lori likiingia na magunia 200 huwezi kuyamwaga yote uyakague. Unachoma bambo, punje zinamiminika kiganjani, unatazama unyevu, wadudu, zilizooza. Muuzaji mjanja anajua kuwa mnunuzi aliyechoka huchoma magunia ya mlangoni, basi mazuri huyapanga hapohapo. Ukichoma 50 ya mlangoni, umedanganywa mara 50. Mwenzako aliyechoma 10 tu, chini, katikati na pembeni, bila muuzaji kumchagulia, anaijua mali kuliko wewe.

Ndiyo maana nitakuuliza kwanza kaya zako utazipataje, kabla ya kuuliza ni ngapi. Pendekezo lako linasema "zitachaguliwa kwa nasibu", halafu ukurasa unaofuata unasema utawahoji wakulima utakaowakuta mnadani. Hiyo si nasibu, mwanangu. Nasibu ni kila kaya ya kata kuwa na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa, hata ya bibi asiyefika mnadani mwaka mzima. Wewe unataka kujua kwa nini watu huuza mahindi mara tu baada ya kuvuna, bei ikiwa chini. Aliyeuza yote mwezi wa saba atafuata nini mnadani mwezi wa kumi?

Anza na daftari la kaya kwa mtendaji wa kila kijiji. Litakuwa limepitwa na wakati, kwa hiyo pita na wenyeviti wa vitongoji mfute waliohama na kuongeza waliojenga karibuni. Kisha ligawe, kaya za kando ya lami upande mmoja na za milimani ambako lori halipandi wakati wa masika upande wa pili, uchukue kutoka kila upande. Nasi tulifanya hivyo lori likibeba mahindi ya wakulima wengi: kila mkulima alichomewa yake. Mahindi ya shamba moja yanafanana, machomo machache yanatosha.

Sasa idadi. Ile kanuni ya Yamane mnayoitumia wote chuoni inasema: gawanya idadi ya kaya kwa moja jumlisha idadi hiyo mara kipeo cha pili cha kosa unalokubali. Kata yako ina kaya 1,200. Ukikubali kosa la asilimia 5, yaani 0.05, unagawanya 1,200 kwa 4, unapata 300. Ukikubali asilimia 10, unagawanya kwa 13, unapata 92.3, yaani kaya 93. Kwa hiyo 100 yako ina utetezi, ila ujue gharama yake: ukikuta nusu ya kaya zinauza mapema, ukweli unaweza kuwa popote kati ya kama asilimia 40 na 60. Na ukitaka kulinganisha kaya zinazoongozwa na wanawake na nyingine, huenda hao wanawake wakawa 20 tu ndani ya 100, na juu ya watu 20 huwezi kusema mengi. Hapo ndipo 300 inapoanza kuwa na maana. Tena kanuni hiyohiyo, ukiipa Watanzania wote 61,741,120 wa sensa ya 2022 kwa kosa la asilimia 5, inatoa 400 tu. Lakini inadhani umechagua kwa nasibu. Ukiwa umekaa mnadani, haikusaidii kitu.

Kwenye mafunzo ya wadadisi, yaani watu wanaopita nyumba kwa nyumba kuhoji kaya, tulisimuliwa habari ya Marekani, mwaka 1936. Jarida la Literary Digest lilituma karatasi za kura ya maoni milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Landon atamshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Anwani nyingi zilitoka kwenye orodha za wenye simu na magari, na wengi waliotumiwa hawakujibu.

Hili la wasiojibu linanigusa. Nilipokuwa mdadisi tulipewa nyumba za kwenda kwa namba. Nikikuta mlango umefungwa, niliingia nyumba ya jirani. Siku ilikuwa fupi, na hakuna aliyenikataza. Baadaye nilitambua kuwa waliokuwa wamefunga milango ndio waliolala mashambani, wenye mashamba makubwa ya mbali, na nilikuwa nimewafuta wote katika hesabu. Sikuwahi kulirekebisha. Wewe rudi jioni, rudi tena Jumapili, na wale ambao hutawapata kabisa waandike ni wangapi.

Uchambuzi uupange kabla ya kwenda kijijini. Chora majedwali matupu na ujiulize kila swali la hojaji litajaza safu ipi. Lisilojaza popote, litoe. Watu wana kazi zao. Umbali hadi barabarani uliza kwa kilomita, maana ukiandika "karibu" na "mbali" hutapata wastani kamwe. Asiyejibu ukimwandikia namba 99, iambie programu ya uchambuzi kuwa 99 si magunia.

Wastani nao usiuamini upesi. Wakulima kumi wamevuna magunia 5, 6, 7, 8, 8, 9, 10, 10, 12 na 150. Wastani ni 22.5, na hakuna hata mmoja anayekaribia hapo. Mediani, yaani thamani ya katikati ukizipanga kwa ukubwa, ni 8.5, nayo inamsema mkulima wa kawaida. Na programu ikikuonyesha thamani ya p chini ya 0.05, maana yake ni kwamba tofauti kubwa kiasi hicho ingetokea kwa nadra kama kweli kusingekuwa na uhusiano wowote. Haikuambii kama tofauti ni gunia moja au ishirini. Hilo liandike mwenyewe, kwa magunia.

Nitumie hojaji kabla hujaichapa. Ukija likizo tutapanda pamoja vile vitongoji vya juu. Njia ninaijua, na jioni watu huwa wamerudi.

Baba yako