Seva za tawini: IP inapita, jina linagoma

Mkuu, umesema VPN (njia salama juu ya intaneti) inayounganisha makao makuu Dar na tawi la Mbeya iko hewani, ukiping IP ya seva ya makao makuu inajibu fresh ila ukiita kwa jina mara inapata mara inagoma, na kwenye DNS (inayogeuza jina kuwa IP) ya pili umeweka 8.8.8.8, yaani DNS ya Google, "iwe akiba". Waache kwanza watu wa laini wapumzike, hiyo 8.8.8.8 itoe leo leo. Wengi wanadhani Windows ikiambiwa na DNS ya kwanza kwamba jina halipo inaenda kujaribu ya pili, haiko hivyo. Ya pili inaulizwa pale ya kwanza inapokaa kimya. Sasa VPN ikikwama kidogo tu seva yako inahamia Google, Google haijui lolote kuhusu domeini yenu ya ndani, inajibu hakuna jina kama hilo, na kwa Windows hilo ni jibu halali, mjadala umefungwa. Tena inaweza kumng'ang'ania huyo wa pili kwa muda hata VPN ikisharudi, ndo maana unarestati inapona halafu baadae inaumwa tena.

DC (seva inayosimamia domeini) ya Mbeya iulize kwanza DC ya Dar, ya pili iwe yenyewe, 127.0.0.1. Za nje kina 8.8.8.8 zinakaa kwenye fowada (pale huduma ya DNS inapopeleka maswali ya majina ya nje) basi, sio kwenye kadi ya mtandao ya seva yoyote.

Ukishatoa, piga ipconfig /flushdns halafu uliza kila DNS kivyake, ya Dar kwanza kisha ya Mbeya, usiulize tu kwa ujumla:

nslookup seva01.kampuni.local 10.20.0.5
nslookup seva01.kampuni.local 10.30.0.5

Majibu yakitofautiana umeshajua ugomvi uko upande gani. Ila angalia, nslookup haisomi kashe ya Windows (majibu iliyoyahifadhi) wala faili la hosts (orodha ya majina na IP ndani ya kompyuta yenyewe), kwahiyo inaweza kukupa jibu safi huku ping ikienda kusikojulikana. Kuna tawi nilienda nikakuta fundi aliyepita kaandika IP ya seva ya zamani ndani ya C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts, kaondoka zake, watu wanahangaika na DNS ambayo haina kosa lolote.

Hiyo "mara inapata mara inagoma" ina mchawi mwingine pia, seva yenye kadi mbili za mtandao. Kadi ya pili imechomekwa kwa ajili ya bakapu, ina IP yake ya 192.168 huko, na yenyewe inajisajili kwenye DNS kwa jina lile lile. DNS inagawa zote mbili kwa zamu, ukiangukia ile ya bakapu ambayo VPN haina njia ya kuifikia unabaki unasubiri. Kwenye hiyo kadi toa tiki ya kujisajili DNS, futa rekodi yake kwenye zoni (faili la rekodi za domeini yenu kwenye DNS), hakikisha na huduma ya DNS haisikilizi kwenye hiyo IP, la sivyo itarudi tu.

Sasa hili ndo lilinitoa jasho zaidi. Tawi fulani majina ya kawaida yote yanapatikana, lakini kompyuta haziioni domeini, na wote wanaapa hakuna aliyegusa kitu. Nikauliza orodha ya DC, ambayo DNS inaiweka kwenye rekodi za SRV:

nslookup -type=SRV _ldap._tcp.dc._msdcs.kampuni.local

Kimya. Kumbe faiwoli ya tawi imefunguliwa poti 53 (ya DNS) ya UDP peke yake, ya TCP imefungwa. Jibu la DNS la kawaida kwa UDP mwisho wake ni baiti 512, likizidi linakatwa na anayeuliza anatakiwa arudie kwa TCP. Kampuni ilikuwa inaongeza matawi, kila tawi na DC yake, orodha ikawa ndefu mpaka ikavuka hapo. Kweli hakuna aliyegusa faiwoli, ila jibu ndilo lililoongezeka ukubwa mpaka likagonga dari. Kupima ni rahisi, Test-NetConnection 10.20.0.5 -Port 53, hii inajaribu TCP. Ikisema False nenda kafungue, usibishane na mtu. Hiyo orodha ya SRV ikija halafu DC yako haimo, restati huduma ya Netlogon kwenye hiyo DC itajiandikisha yenyewe. Ukiona imo DC iliyokufa zamani, hiyo safisha.

Na kama umeongeza rekodi Dar ukaona Mbeya haijafika usianze kubomoa, kati ya saiti na saiti (tawi na tawi) replikesheni, yaani DC kunakiliana data, ikiachwa kama ilivyokuja ni kila dakika 180. Unaweza kuishusha mpaka 15, au sukuma kutoka DC ya Dar kwa repadmin /syncall /AdeP.

Toa kwanza hiyo 8.8.8.8, halafu weka hapa majibu ya zile nslookup mbili pamoja na ipconfig /all ya seva ya Mbeya, jina la kampuni lifiche.